Mara Ngapi Ndipo Iwe Tabia?

Wakati wa kwanza ambao kitabu cha Kiingereza humpa mwanafunzi mgeni ni ule unaoitwa "present simple". Jina lenyewe lina walakini pande zote mbili: wakati huo si mwepesi, na mara nyingi hauhusu sasa hivi. Mtu akisema "I work in Nairobi" saa sita usiku, yuko kitandani Rongai, taa imezimwa, amesema kweli tupu, ingawa saa hiyo hafanyi kazi yoyote na Nairobi kwenyewe hayuko. Anachotuambia ni kwamba jana alienda, leo alienda, kesho ataenda, na tukitaka kumjua tuanzie hapo. Ukitaka kusema kinachotendeka unapovuta pumzi hii, Kiingereza kinakupeleka mlango wa pili: "I am working."

Nafundisha watu wazima Kiingereza cha mwanzo kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kuazima. Wakija wote ni kumi na wawili. Kuna madada wa kazi za nyumbani, mama mboga, fundi wa mjengo, kijana wa boda, na jamaa wawili kutoka Kongo wanaoongea Kifaransa kama maji. Kitabu tunachotumia kina mtu wake wa mfano, kama vitabu vyote vya aina hii. Anaamka saa kumi na mbili kila siku. Anapiga mswaki, anakunywa chai, anapanda basi, anaingia ofisini, anarudi, anatazama televisheni, analala. Maisha yake yote ni mazoea.

Darasani kwangu hakuna anayeishi hivyo. Kijana wa boda huamka kulingana na mvua. Mama mboga huamka kulingana na lori limefika Marikiti saa ngapi. Fundi huamka saa kumi na moja, anafika kwenye geti la mjengo, na msimamizi asipomnyooshea kidole anarudi nyumbani. Kwa hiyo sentensi ya kwanza tu ya kitabu, "I go to work every day", inakuwa na kesi.

Halafu kuna ile S. I work, you work, we work, they work, lakini she works. Zamani vitenzi vya Kiingereza vilivaa miisho zaidi ya hapo. "Thou" ilikuwa na wake, na nafsi ya tatu kusini mwa Uingereza ilikuwa na "-eth". S ilitoka katika lahaja za kaskazini, ikateremka polepole mpaka London, ikashinda. Miisho mingine ikapukutika, S ikabaki peke yake. Hata leo kuna wenyeji wa Norfolk, Uingereza, Wazungu wa kuzaliwa huko huko, ambao kwa lahaja yao ya jadi husema "she go" na mambo yanaenda. Huwa nawaambia wanafunzi jambo hili mapema. Haliwasaidii kwenye mtihani, lakini mabega yanashuka kidogo.

Kinachonishangaza ni mahali S ilipobaki. Ninapojisema mwenyewe, haipo. Ninapokusema wewe uso kwa uso, haipo. Ipo kwa yule mmoja tunayemsema, ambaye mara nyingi hayuko kwenye mazungumzo. Najua hiyo ni ajali ya historia tu, na mtu mwenye akili zake hajengi falsafa juu ya ajali. Lakini ilitokea kwamba swali gumu zaidi nililowahi kuulizwa darasani lilipitia hapo hapo. Ni fundi aliyeuliza, kalamu nyuma ya sikio:

"Mwalimu, mtu afanye kitu mara ngapi ndio awekewe S?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lina mguu. Mtu akinywa bia mara moja, "he drinks"? Hapana. Mara kumi? Kila mwisho wa mwezi? Vitabu vina ngazi yao ya kujibu hapa: always, usually, often, sometimes, never, na vingine huchora asilimia kando, 100 juu na 0 chini, kana kwamba tabia ni chaji ya simu. Ngazi hiyo ni uongo mtamu. Sarufi haijaweka idadi popote.

Chukua mbu. "Mosquitoes spread malaria", mbu hueneza malaria. Sentensi hii tunaifundisha hata watoto. Lakini mbu dume haumi mtu kabisa. Kati ya majike, ni wa jamii ya Anopheles tu wanaoweza kuibeba malaria ya binadamu, na hata kati ya hao wengi hawana vimelea. Ukihesabu kwa asilimia, mbu wengi kabisa hawana hatia. Bado hakuna anayesema sentensi ni ya uongo. Sasa geuza. Wakenya wengi hawajafika miaka 35. Ukisimama na kusema "Wakenya hawajafika miaka 35", mtu atakuuliza babu yake ni raia wa wapi. Walio wengi hawakutosha kuifanya sentensi iwe kweli, na kule kwa mbu wachache walitosha.

Mwanafalsafa Sarah-Jane Leslie ameandika sana kuhusu sentensi za aina hii, na wazo lake moja limekaa nami. Anasema sifa ikiwa ya hatari, ya kutisha, akili zetu hazingoji hesabu. Visa vichache vinatosha tuseme kundi zima liko hivyo. Ukifikiria, ni busara ya porini. Aliyengoja takwimu za simba hakuacha wajukuu. Shida ni kwamba busara ya porini tumehama nayo hadi kwenye ploti, kwenye matatu, kwenye kikundi cha WhatsApp cha wapangaji.

Dada mmoja darasani alijiunga nasi kwa sababu ya sentensi moja. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba fulani miaka miwili, akaachishwa, na tangu hapo kila geti alilobisha katika mtaa huo lilifungwa kabla hajamaliza kusema jina. Mwenzake anayefanya kazi kwa jirani akampigia picha ujumbe uliotumwa kwenye kikundi cha wenye nyumba. Ulikuwa kwa Kiingereza. Alikaa na ile picha kwenye simu wiki kadhaa bila kumwonyesha mtu, maana aliogopa atakayemsomea ataisambaza zaidi. Siku aliponionyesha, aliniita pembeni, akasema, "Mwalimu, nisomee hapa, lakini pole pole."

Ulisema hivi: "Be careful with her. She steals."

Nilimwambia: muwe makini naye, huiba. Akaniangalia. Kiswahili sanifu wakati mwingine hakifiki mahali, kwa hiyo nikasema tena kwa lugha yetu ya Nairobi: anaibanga.

"Anaibanga? Mimi? Hiyo ni ya lini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nimekifundisha kwa miaka bila kukiona. Ile sentensi haina lini. Kilichotokea ni kwamba saa ya mkononi ya mwenye nyumba ilipotea mwezi wa nne. Dada anasema hakuichukua. Mimi namwamini, ila sikuwepo, na hoja yangu haisimami juu ya kumwamini. Tuseme aliichukua kweli. Kuna tofauti kubwa kati ya "She stole my watch" na "She steals". Ya kwanza ina kitu kilichoibwa, ina siku, ina chumba. Unaweza kuipinga: siku hiyo nilikuwa nimetumwa dukani. Na saa ikipatikana nyuma ya kochi mwezi wa sita, sentensi inakufa hapo hapo. Ya pili haina pa kushikwa. Saa ikipatikana nyuma ya kochi, "She steals" inaendelea kuishi, kwa sababu haikuwahi kusema ni saa.

Huyo mwenye nyumba huenda hakuwaza sarufi kabisa. Alikuwa na hasira na kidole gumba. Lakini lugha ilimpa wakati ambao mtuhumiwa hana la kujibu, naye akautumia.

Kiswahili nacho kina lake hapa. Waliosoma shule za Kenya wanakumbuka orodha ya kukariri: -na- wakati uliopo, -me- hali timilifu, -a- hali isiyodhihirika, hu- hali ya mazoea. Hu- ni kiambishi cha pekee kwa kuwa hakibebi nafsi. Nina-, una-, ana-, zote zinataja mtu. Hu- inameza wote. Mimi huenda, wewe huenda, wao huenda, kitenzi hakibadiliki. Ndiyo maana methali zinakipenda: haba na haba hujaza kibaba, mchumia juani hulia kivulini. Ukitaka kuondoa tarehe na mtu ili jambo libaki kama sheria ya dunia, hu- ipo. Huku mjini hatukuridhika nayo, tukachukua -nga, yenye ndugu zake katika Kiluhya na Gĩkũyũ, tukarudisha nafsi: anakujanga, ananisumbuanga. Mimi naona ni uamuzi mzuri wa mtaa. Ukisema "anaibanga", angalau kuna mtu ndani ya neno, na mtu anaweza kukujia juu.

Tuna pia majina, ambayo ni makali kuliko kitenzi chochote. Mwizi. Mlevi. Mwongo. Unachukua kitendo, unakipa ngeli ya watu, kinakuwa mtu. Tunasema siku za mwizi ni arobaini, na ukiitafakari vizuri, hapo kuna idadi ambayo fundi alikuwa anaitafuta, lakini imekaa upande usio wake. Methali haisemi mtu huwa mwizi siku ya arobaini. Alikuwa mwizi tangu siku ya kwanza, arobaini ni ya kukamatwa.

Sheria iliona hatari hii zamani. Kwenye kesi ya jinai nchini Kenya, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kwa kawaida hairuhusu upande wa mashtaka ulete ushahidi kwamba mshtakiwa ana tabia mbaya au aliwahi kupatikana na kosa jingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mahakama inataka kujua kama uliiba kuku huyu, usiku ule. Haitaki kusikia kwamba wewe huibaga kuku. Ukiwa mwizi sugu wa kuku, unafikishwa mbele ya hakimu kama mtu ambaye labda, usiku mmoja, alichukua kuku mmoja. Watu wengi hawaipendi kanuni hii. Wanaona inawafichia wahalifu historia. Mimi naiona kama mahali pachache tulipokubaliana kwamba "he steals" si ushahidi wa "he stole". Mtaani tunafikiri kinyume kabisa, na tunaiita akili.

Niliposema haya darasani (bila kumtaja dada, nilitumia mfano wa kuku), mama mboga alinikatiza.

"Mwalimu, usitupeleke mbali. Kuna mteja wangu hukopa na halipi. Nikingoja korti iniambie tarehe, si nitafunga kibanda?"

Ana haki. Na kuna wenye haki kuliko yeye. Wasichana wanaoishi ploti moja na keyateka anayewagusa ngazini wataambiana: yule hushika watu, usipande peke yako usiku. Hawana hakimu wala wakili, na polisi wakiendewa watauliza uliva nini. Walicho nacho ni hali ya mazoea. Ukiwanyang'anya kwa jina la haki, umemlinda keyateka peke yake. Kwa hiyo siwezi kusema tusihukumu tabia. Asiyehukumu tabia ni mtu ambaye hajawahi kuhitaji kuonywa.

Basi tofauti iko wapi? Nimeizungusha sana, na hapa ndipo ninapoishia kila mara. Sentensi ya mazoea ni kama noti ya deni. Unaweza kuitembeza, watu wakaipokea, ikakununulia imani yao. Lakini mtu akija nayo kwenye kaunta, lazima uwe na cha kulipa, na malipo ni ya wakati uliopita tu. Mama mboga ukimuuliza, atafungua kitabu chake cha madeni: Jumanne sukuma, Alhamisi nyanya, ile wiki ya mvua mayai sita. Wasichana wa ploti, kwenye chumba ambacho hawaogopi, kila mmoja ana usiku wake. Mwenye nyumba akiulizwa ana saa moja, na hata hiyo hakumwona mtu akiichukua. Alitoa noti kubwa bila akiba.

Najua kuna udhaifu hapo. Kuna watu wenye akiba tele ambao hawathubutu kwenda kaunta, kwa sababu kutaja tarehe ni kujitaja. Kwa hao, mimi msikilizaji nina wajibu wa kuamini kabla ya kulipwa. Ila naangalia pia nani ana kipaza sauti. Msichana anaonya wenzake watatu kuhusu mtu mwenye funguo za nyumba zao. Mwenye nyumba alionya geti arobaini kuhusu mtu ambaye hata kwenye kikundi hakuwemo. Ni wakati ule ule wa kitenzi, lakini uzito unaanguka pande tofauti.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anaona kwamba neno la Kigiriki la tabia njema ya mtu limetokana na neno la mazoea kwa kubadilishwa kidogo tu. Kwake hatuzaliwi wema wala wabaya, tunarudia matendo mpaka yakae. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Mazoea tunayo kutoka kuzoea, lakini tabia tuliipata kwa Kiarabu, na huko maana yake inakaribia maumbile. Labda ndiyo sababu kwetu mtu akisemwa ana tabia fulani, tunasikia kama amezaliwa nayo.

Kwenye darasa lile tulifika swali na kanusho. Hapo S hufanya jambo la kuchekesha: inaruka. "She steals." Ukiuliza, "Does she steal?" Ukikana, "She does not steal." S imehama kwenye kitenzi kikuu, imekwenda kukaa kwa "do", na "steal" imebaki uchi kama ilivyokuwa. Dada aliandika sentensi hizo mbili mara nyingi daftarini, nyingi kuliko nilivyoagiza. Baada ya wiki chache aliniomba nimwangalizie ujumbe aliotaka kumtumia yule mwenye nyumba. Ulikuwa wa maswali mawili, "What did I steal? When?" Hakukuwa na kosa la kusahihisha. Aliutuma, alama zikawa za buluu, na mpaka leo hajajibiwa. Kazi alipata mtaa mwingine, mbali, nauli mara mbili.

Kuhusu nafsi ya kwanza mambo ni tofauti kabisa, na nadhani kuchanganya hizo mbili ndiko kunakotukosesha. Jamaa akifika kwenye sherehe, akapewa chupa, akasema "Sinywi", hakuna ajuaye kama ni usiku huu au ni maisha. Kiswahili kikikana hakitofautishi: ninakunywa, nanywa na hunywa zote zinaishia sinywi. Kiingereza kinamlazimisha achague. "I'm not drinking" ni kwamba leo naendesha gari. "I don't drink" ni mlango uliofungwa. Na mtu anaweza kuusema huo wa pili siku ya kwanza kabisa ya kuacha, wakati matendo yake yote ya nyuma yanasema kinyume. Ni mwongo? J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, alionyesha kwamba sentensi nyingine haziripoti jambo, zinalifanya. "I promise", "I swear". Naahidi, naapa. Siyo bahati kwamba ni "present simple" hizo. "I don't drink" ya siku ya kwanza iko karibu na naapa kuliko ilivyo karibu na hesabu ya chupa. Ninaposema juu yangu naweza kuwa ninajifunga. Ninaposema juu yako siwezi kukufungia kiapo, ninachoweza kukupa ni hukumu.

Fundi alilipeleka hili mahali ambapo sikutarajia. Zoezi lilikuwa "What do you do?", swali ambalo vitabu hulichukulia kama salamu. Alikuwa hajapata kibarua cha maana kwa miezi minane. Akaandika "I build houses." Kijana wa boda akamchungulia daftari.

"Fundi, kwani unajenga wapi? Si ulisema tangu mwaka jana hujaguswa?"

"Nimejenga miaka kumi na tisa, wewe kijana. Zile nyumba zimesimama."

"Hiyo ni 'I built', mzee wangu. Mwalimu si ni 'built'?"

Wote wakanigeukia. Kisarufi kijana alikuwa na hoja, na fundi alikuwa na hoja. Nikawaambia Kiingereza kinaruhusu yote mawili, na kwamba anayechagua ni mwenye mikono. Kijana hakuridhika, akasema basi kila mtu atajiita rubani. Fundi akawaza kidogo, akachukua kalamu nyuma ya sikio, akaongeza mstari chini ya ule wa kwanza, akausoma kwa sauti ili asikike: "I build houses. Now I am not building."

Kijana akauangalia huo mstari kwa muda. Akauliza kama "building" ina G moja au mbili.